UPEPO WA SINGIDA: "PANGABOI HILO LISOGEZENI MBALI NA DIRISHA LANGU!"

Kofia yangu ilinitoka kichwani kabla sijaweka mguu wa pili chini. Hapo ni stendi ya Misuna, Singida, saa kumi na mbili jioni, ndo kwanza nashuka kwenye basi, mgongo umekufa ganzi. Kofia ikabingirika weee, ikaenda kuishia chini ya meza ya muuza karanga. Dogo mmoja wa bajaji akaikimbilia, akanirudishia huku anacheka.

"Karibu Singida, kaka. Huo ndo ushuru wetu wa getini."

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kukanyaga Singida wakati wa kiangazi, usiseme unaujua upepo. Huku kuna upepo unaofungua mlango bila hodi. Kuna nyumba zimewekewa mawe juu ya bati, na wala si urembo. Mwenye bati anataka alikute hapo hapo asubuhi!

Dogo akanipeleka Utemini, kwa shangazi yangu. Sikwenda kula kuku wa kienyeji, ingawa sikatai, niliwala. Shangazi alinipigia simu wiki moja kabla, sauti ya mtu ambaye hajalala.

"Wewe si unaandika magazetini? Njoo basi uniambie. Nijenge, nisijenge?"

TOFALI ZINAOTA MAJANI

Stori yenyewe iko hivi. Shangazi amepanga vyumba viwili Utemini kwa miaka mingi. Kwa hela ya kuuza mafuta ya alizeti akajikamua, akanunua kiwanja pembeni mwa mji, upande ambao upepo unapiga bila breki. Akafyatua tofali, akazipanga vizuri.

Siku moja wakaja vijana na futi kamba na daftari, wakapima, wakaandika, wakaondoka zao. Majirani wakasema, "Hao ni wa mapangaboi ya umeme. Ukijenga sasa hivi utabomolewa." Mwingine akasema, "Jenga haraka, utalipwa fidia ya kumwaga." Shangazi wa watu akakwama katikati. Miaka ikakatika. Ukienda kuziangalia zile tofali leo zimeota majani, nyingine zimerudi kuwa udongo.

Na kodi ya vyumba viwili analipa kila mwezi, kama kawa.

Niweke sawa jambo moja kabla hujaanza kushika kichwa. Utemini ni kata ya mjini, nyumba zimebanana, na sikukuta mtu anayesema mtambo utasimamishwa katikati yake. Ila watu wengi wa Utemini wana viwanja na mashamba pembeni mwa mji, na huko ndiko stori za upepo zinakozunguka. Ndo maana ukitaja pangaboi kijiweni, hata aliyekuwa anasinzia anaamka.

UPEPO WENYEWE SI MCHEZO

Watu wa umeme hawakuipenda Singida kwa sura. Nyaraka za sekta ya nishati hapa nchini zinataja vipimo vya Kititimo, hapo hapo Singida: upepo wa wastani wa mita 9.9 kwa sekunde, kwenye urefu wa mita 30. Hiyo ni kama kilomita 36 kwa saa, mwendo wa bajaji iliyoshiba abiria. Makambako nako wanataja mita 8.9.

Sasa sikia utamu wake. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu iliyomo ndani yake haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara 8! Kwa hiyo kilima kimoja chenye upepo kidogo zaidi ya kingine kinaweza kuwa dhahabu. Mtambo wa kawaida unaanza kuzalisha upepo ukifika kama mita 3 kwa sekunde, na ukifika kama mita 25 unajizima wenyewe, usije ukajivunja.

Basi kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010 majina mawili yakawa midomoni mwa watu Singida. Moja ni Wind East Africa, waliopanga megawati 100. La pili ni Geo Wind, mradi wa megawati 50 kwa kuanzia, ambamo Shirika la Maendeleo la Taifa, yaani NDC, na TANESCO walitajwa kuwa wabia. Bajeti zikasomwa, magazeti yakaandika, vijiwe vikapasha.

Zaidi ya miaka 10 imepita, na gridi ya taifa haijaonja umeme wa upepo wa Singida. Wa kwanza kuzungusha mapanga kibiashara hapa Bongo wakawa Mwenga kule Mufindi, Iringa, mwaka 2020: mitambo 3 tu, megawati 2.4 kwa jumla. Kidogo, lakini ipo, inaonekana kwa macho.

KIJIWENI: "MIMI NATAKA AJIRA, BASI"

Asubuhi nikajichomeka kwenye kijiwe cha bajaji, si mbali na kwa shangazi. Nikaagiza chai na chapati, nikatega sikio.

Wa kwanza kufunguka ni yule yule dogo wa kofia. Yeye hana tatizo na pangaboi, hata likikaa juu ya choo chao. "Kaka, hapa vijana tumejaa. Waje wajenge, tubebe zege, tulinde, tuendeshe. Kelele? Kelele ni njaa."

Nikamuunga mkono nusu. Ujenzi kweli unamwaga kazi: barabara, misingi, zege, ulinzi, mama ntilie. Lakini mapanga yakishaanza kuzunguka, wanabaki mafundi wachache na walinzi. Kwa hiyo kijana anayetaka kula matunda ya upepo kwa muda mrefu, asikimbilie koleo peke yake, akasomee umeme na ufundi mitambo. Dogo akaguna. "Ada utanilipia wewe?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko, nikanywea chai yangu.

Wa pili alikuwa na hoja nzito. "Sisi wa nini? Bwawa la Julius Nyerere si lile kule Rufiji, megawati 2,115? Umeme upo kibao. Upepo wa nini tena?"

Hapo akajibu mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa anasoma gazeti kimya kimya. "Mwanangu, bwawa linakunywa mvua. Mgawo wa mwaka 2023 umeusahau? Sasa niambie, Singida upepo unakaza lini? Kiangazi, wakati mito imekonda. Hivyo viwili ni kama mume na mke, mmoja akiumwa mwenzake anapika."

Kijiwe kikatulia. Hoja ya mwalimu haina shimo. Tena Singida yenyewe iko njiani: laini kubwa ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma kwenda Shinyanga inapita hapa, na nyingine inatoka hapa kupitia Arusha hadi Namanga, kuungana na Kenya. Barabara ya kupitishia umeme ipo.

Lakini mzee hakuishia hapo. Akakunja gazeti lake, akamalizia polepole: "Mimi upepo nautaka. Ninachouliza ni kimoja. Huo umeme utawaka kwangu, au utapita juu ya paa langu kwenda kwa watu?"

SALUNI: "NA KUKU WANGU JE?"

Mchana nikahamia saluni ya kina dada, nimejikausha kwenye benchi kama nasubiri mtu. Mwenye saluni yeye yuko upande wa umeme. Ameshawahi kukatikiwa mteja akiwa ndani ya draya, nusu kichwa kibichi, na harusi ni saa tisa. "We acha tu. Walete hata mapangaboi elfu."

Mteja wake, mama wa watoto watatu, hakubaliani. Ana kinyumba chake pembeni mwa mji. "Wewe dada unataka umeme, kelele nitasikia mimi. Wanangu watalala? Na kuku wangu, watataga?" Tukacheka, lakini yeye hakucheka. Kuku ndo ada ya shule, msomaji.

Basi nikamweleza ninayoyajua, na wewe nakueleza.

Pale juu penye mashine mtambo unapiga kelele kweli kweli, zaidi ya desibeli 100. Lakini sauti inakufa kadiri unavyosogea. Ukiwa umbali wa mita 300 na ushee, inabaki kama desibeli 40 na kitu, sawa na friji jikoni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilishauri wastani wa kelele za mitambo ya upepo usizidi desibeli 45. Mchana, kwa upepo wa Singida unaogonga mabati, huenda usiisikie kabisa.

Balaa ni usiku. Kuna nyakati upepo wa chini unatulia, majani hayatikisiki, lakini kule juu bado unavuma na panga linazunguka. Hapo ndo unasikia shwaa... shwaa... shwaa... Mwingine anabembelezwa nayo, mwingine inamtoa wazimu. Kukerwa na kukosa usingizi ni jambo la kweli, lisichukuliwe kama uchuro wa akina mama.

Halafu kuna kivuli. Jua la asubuhi au jioni likiwa nyuma ya panga, kivuli kinapitapita dirishani kama mtu anachezea swichi ya taa. Hicho nacho kinapimwa kabla ya kujenga, saa kwa saa, siku kwa siku, na mtambo unaweza kupangiwa kuzimwa dakika hizo.

Na maziwa yetu mawili hapo mjini, Kindai na Singidani, yana ndege wengi, wakiwemo wale heroe wa rangi ya waridi wanaopigwa picha na kila mgeni. Panga halichagui. Ndege na popo wakiwa na njia yao hewani, mnara unatakiwa ukae kando.

Kuhusu wale wanaonong'ona kuwa mapangaboi yanaharibu mimba za watu na ng'ombe, nimetafuta ushahidi wa kitabibu, sijauona. Dawa ya kelele, kivuli na ndege ni moja: umbali. Kule Denmark nyumba inatakiwa kuwa mbali na mtambo angalau mara 4 ya urefu wake mpaka ncha ya panga. Mtambo wa mita 150 maana yake mita 600, yaani viwanja 6 vya mpira vimelazwa kwa urefu. Poland mwaka 2016 walikaza wakadai mara 10, ujenzi ukadorora, mwaka 2023 wakalegeza: mita 700 kwa uchache. Hata Wazungu wanavutana, shoga yangu.

Yule mama akaniangalia, akasema neno ambalo nimeliweka juu ya habari hii: "Basi pangaboi hilo lisogezeni mbali na dirisha langu. Sijasema msilete."

MAJIRANI ZETU WALIKWISHA LIMWA

Kenya wametutangulia, na wao wana sinema za kila aina.

Sinema ya raha ni Ngong, karibu na Nairobi. Mitambo ya kwanza ilisimama vilimani mwaka 1993, baadaye ikaongezwa mpaka megawati 25.5. Leo vijana wa Nairobi wanapanda vilima vile wikiendi na wapenzi wao, mapanga nyuma, picha mbele. Hapo pangaboi limegeuka kivutio.

Sinema ya machozi ni Kinangop, kaunti ya Nyandarua. Mradi wa megawati 60, hela ziko tayari, mitambo imeagizwa. Lakini ni nchi ya wakulima wenye vishamba vidogo, nyumba ziko karibu karibu. Aliyekodisha kipande chake cha mnara analipwa, jirani yake wa ng'ambo ya uzio anapata kelele na kivuli bure. Uvumi wa magonjwa ukasambaa, wanasiasa wakaudandia. Mwaka 2015 maandamano yakageuka vurugu, mtu mmoja akapoteza maisha. Februari 2016 mradi ukafutwa. Hakuna panga lililozunguka, hakuna aliyepata.

Sinema ya tatu ni Ziwa Turkana: mitambo 365, megawati 310, si mchezo. Ilishasimama yote mwaka 2017, lakini ikakaa ikiota jua kwa sababu laini ya kuutoa umeme haijakamilika. Umeme ukaingia gridi Septemba 2018. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Meru ikasema hati za ile ardhi ya wafugaji zilitolewa bila kufuata utaratibu. Mapanga yanazunguka, kesi nazo zinazunguka.

Ukiziangalia zote tatu, shida si upepo. Kinangop na Turkana waligombana kwa sababu ya ardhi, na nani aliulizwa kabla ya nani.

Na lile swali la mwalimu? Laini ya kilovolti 400 huwezi kuichomeka kwenye redio. Lazima kuwe na kituo cha kuupooza umeme, transfoma, nguzo za mtaani. Kama kijiji kinachopakana na mapanga hakijawekewa hivyo kwenye mkataba tangu mwanzo, kitakaa gizani kinatazama taa nyekundu juu ya mnara.

FIDIA SI ZAWADI

Usiku nikarudi kwa shangazi. Tumekula, tumeosha vyombo, upepo uko juu ya bati unasaga meno. Nikatoa karatasi zangu.

"Shangazi, wale vijana wa futi kamba ulisaini fomu yoyote?"

"Sikusaini."

"Walikuachia nakala? Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo? Walikupiga picha na kiwanja chako?"

"Walikunywa maji tu, wakasema asante mama."

Hapo nikaishiwa nguvu. Miaka yote hiyo mtu kasimamisha maisha yake kwa sababu ya wageni waliokunywa maji!

Msomaji, shika hili. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zinataka anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki, tena kwa haraka. Si bei ya tofali peke yake. Kuna thamani ya ardhi yenyewe, maendelezo uliyoyafanya, posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi, ambayo hupigwa kwa kodi ya miezi 36. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 yanatakiwa kuongezewa riba. Na kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, uthamini ukikaa miaka 2 bila kulipwa umekufa, unafanywa upya. Mthamini wa kweli anakuja na viongozi wa mtaa, anakujazisha fomu, unasaini. Anayekuja na futi kamba na kiu ya maji, huyo ni mpita njia.

Vile vile Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa kama huu ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kujengwa, na wananchi wasikilizwe. Mkutano huo ukiitwa, vijana wa Utemini msiwaachie wazee peke yao huku nyie mnaangalia mechi. Nendeni na maswali haya, yakateni gazetini mkibandike ukutani:

1. Mnara una urefu gani mpaka ncha ya panga, na nyumba ya karibu iko mita ngapi?
2. Kelele zimepimwa usiku, au mchana tu?
3. Ardhi inanunuliwa au inakodishwa? Kwa miaka mingapi, na kodi inapanda lini?
4. Jirani asiye na mnara shambani kwake anapata nini?
5. Mtaa wetu utawashwa lini, na imeandikwa wapi?
6. Mradi ukifa kabla haujaanza, nani anakuja kutuambia rasmi kwamba tuendelee na maisha yetu?

Hilo la 6 ndilo linaloniuma. Kuhusu kelele watu wanajua kulalamika, kuhusu fidia wanajua kudai. Lakini mtu aliyepotezewa miaka kwa kusubiri analalamika kwa nani? Mradi ukichelewa, ofisini ni faili linalala. Huku mtaani ni tofali zinazoyeyuka, na ni kodi ya vyumba viwili kila mwezi.

SHANGAZI AAMUA

Siku ya tatu tukaamkia kwenye kiwanja. Shangazi kajifunga kanga, mimi nimeshika kofia kwa mikono miwili. Tulishaonana na mwenyekiti wa mtaa, akatuambia hana barua yoyote inayozuia ujenzi pale. Bado kibali cha ujenzi, na kile hakina njia ya mkato. Nikamwambia shangazi apitie ofisi ya ardhi, aone kiwanja chake kwenye ramani kwa macho yake, na jibu lolote alipate kwa maandishi.

Akawa anazunguka kiwanja taratibu, anahesabu hatua. Akasimama pale tofali zilipo, akaokota moja, ikavunjika mkononi. Akaitupa. Akaokota nyingine, ikakaa.

"Hizi za chini bado nzima," akasema. "Zitatosha msingi."

"Na mapangaboi yakija, shangazi?"

Akageuka upande wa mashariki unakotoka upepo, kanga inampigapiga miguuni.

"Yaje, mwanangu. Umeme nautaka, nani asiyeutaka? Wakija watanikuta nina nyumba na karatasi zangu mkononi, tutaongea. Ila dirisha la chumbani naliweka magharibi. Hilo pangaboi litakuta nimelipa kisogo."

Jioni yule dogo wa bajaji akanirudisha Misuna. Kabla sijapanda basi nikavua kofia mwenyewe, nikaiweka kwenye begi. Ushuru nilishalipa.